Kaseti ya Baluku

Ninaikumbuka asubuhi moja ya mvua kule Bwesumbu, Mwanangu, nilipokuwa nimekwisha kufunga nguo zangu nirudi kwetu Bwera. Baluku, mume wangu, hakunipiga wala hakunitukana. Alikuwa amenyamaza tu. Akirudi kutoka kazini Mweya alisalimu, akala, akalala. Nyumba ya kimya ina baridi kuliko ukungu wa mlimani.

Wakati wa uchumba wetu alinitumia kaseti aliyojirekodi mwenyewe, maana mimi kusoma sikujua. Humo aliniita Biira wangu, akacheka kwa haya. Niliifunga kwa nailoni, nikaiweka miaka yote katika sanduku la bati karibu na meko. Wanasema akiba haiozi. Yangu ilioza.

Nilitaka niisikie kabla ya kuondoka. Redio ilipoanza kuizungusha, ilipiga kelele kama bawaba kavu, kisha sauti ya Baluku ikavutika, ikawa nzito, ikazama. Nilipoitoa, utepe ulikuwa unanata kama utomvu wa ndizi, na unga wa kahawia umebaki ndani ya redio. Joto na unyevu vilikuwa vikiula polepole, nami nikidhani nimeutunza. Nikalia.

Mama mkwe akaingia. Akatazama kaseti, akatazama na mfuko wangu wa nguo. Alimwita mwanawe kutoka jikoni alikokuwa akila, mkononi bado ana tonge la bundu, ule ugali wetu wa muhogo.

“Mutoto wa watu analilia sauti yako,” akamwambia. “Kaseti imekufa. Wewe iko hapa, unakula. Sema.”

Baluku akasema hakujua kama natakiwa kuambiwa tena. Alidhani yale ya kwenye kaseti yanatosha maisha yote. Kisha, akitazama chini:

“Biira wangu, usiende.”

Sauti ilikuwa ya kukwaruza kuliko ile ya ujana. Nikaufungua mfuko.

Basi, Mwanangu, ukiwa na kanda ya bibi yako au ya harusi, usingoje. Ihamishie kwenye simu leo, na simu nayo usiiamini peke yake. Mpe na ndugu yako nakala. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mwenye sauti akiwa hai, mwombe aseme tena, na wewe umwambie lako, hata kama ulimwambia mwaka jana.

Mungu akujalie nyumba ambayo watu wake wanaitana kwa upole, na uzee wenye mtu wa kucheka naye. Amina.