Nusu Saa ya Bibie

Kwato, mtunza farasi, hakuwahi kuinua fimbo juu ya mnyama. Ndiye aliyemlea Bibie, farasi jike mwekundu, kwa chupa tangu mama wa farasi huyo alipokufa akimzaa. Ndiyo maana mkewe hakuishiwa utani kila akimmiminia chai ya asubuhi.

"Wahi kwa mke mwenzangu, asije akanuna."

"Mwenzako hana maneno mengi," Kwato humjibu akitoka huku akicheka.

Kisha Bibie akachomwa na msumari kwenye kifundo cha mguu wa nyuma. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, la kudharaulika, lakini usaha ulikwisha kuingia ndani ya maungio. Daktari wa mifugo, binti mwenye mikono myepesi, hakuzungusha maneno. Sindano ya kawaida ingesambaa mwili mzima na kufika mguuni ikiwa hafifu. Dawa ilitakiwa ibaki pale pale penye ugonjwa. Akamdunga Bibie dawa ya kumtuliza, akafunga mpira mpana juu ya kifundo, akaukaza barabara, kisha akaingiza dawa kwenye mshipa ulio chini yake.

"Mzee wangu, mpira huu usiguswe kwa nusu saa. Ukilegea, dawa yote inapanda juu, tutakuwa tumecheza tu."

"Nimekusikia, mwanangu."

Daktari akaenda banda la pili kumwona farasi mwingine. Haukupita muda Bibie akaanza kutetemeka. Aliinua mguu, akaushusha, akamgeukia Kwato na kuguna taratibu, vile alivyokuwa akiguna enzi za chupa. Kwato akavumilia, akashindwa. Akapitisha kidole chini ya mpira, akaulegeza.

"Pumua, mama. Kidogo tu."

Bibie akatulia. Kwato akaukaza tena. Daktari aliporudi akamkuta mgonjwa amesimama kama picha.

"Hakuna anayejua kumbembeleza kama wewe," akamsifu.

Matibabu yakarudiwa siku zilizofuata, na kila mara Kwato alimlegezea. Moyoni aliona amewasaidia wote wawili.

Lakini mguu ukazidi kuvimba, hadi Bibie akakataa kuukanyagia. Daktari alivuta maji ya kifundo kwa sindano, yakatoka mazito, ya rangi ya maziwa yaliyoharibika. Akayainua mwangani.

"Sielewi. Dawa ni sahihi kabisa. Ama mpira ulilegea?"

Hakuna aliyemwona Kwato akiulegeza. Angeweza kusema mpira ulikuwa mbovu, na hakuna ambaye angembishia. Akavua kofia.

"Niliulegeza mimi. Alikuwa anaumia."

"Siku ile ya kwanza?"

"Kila siku, mwanangu."

Daktari hakumfokea, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Tufunge tena leo," Kwato akasihi. "Nitafumba macho. Nitakaa nje kabisa, umwite mtu mwingine amshike."

"Mfupa umeshaliwa, mzee wangu. Tukiendelea tunamtesa bure."

Daktari alimwambia aende nyumbani, kazi iliyobaki, ya kumpumzisha Bibie, angeimaliza yeye. Kwato hakwenda. Alikikumbatia kichwa cha Bibie, paji la uso wake likigusa lile la mnyama, na daktari alipojaza sindano, Kwato akauliza kwa sauti ya mtoto:

"Hii nayo itamuuma?"

"Haitamuuma."

Aliendelea kumshikilia hata magoti ya Bibie yalipokunjika, mpaka uzito ukamshinda, wakaenda chini pamoja kwenye majani makavu.