Mtoto Aliyeacha Kunywa Maji

Binti yetu alikuwa msemaji tangu alipojua kutembea. Asubuhi nikimvalisha viatu, alinisimulia ndoto zake zote, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kialur alichofundishwa na mama mkwe wangu kila alipotutembelea kutoka Mahagi. Majirani zetu hapa Bunia walimwita Redio. Alipofika umri wa kuanza maternelle, yaani chekechea, mimi na baba yake tulisema kichwa kile kinahitaji shule nzuri.

Tuliyoichagua ilikuwa ghali kuliko zote tulizoulizia. Kuta zilichorwa maua, kulikuwa na bembea uani, na kuanzia mlangoni watu wote walisema Kifaransa. Hicho ndicho kilichonivuta. Mimi nauza vitenge sokoni, na siku moja karani wa ofisi fulani alicheka Kifaransa changu mbele ya watu. Niliapa mwanangu hatachekwa. Mume wangu, anayepeleka bidhaa Mongbwalu kwenye machimbo ya dhahabu, aliongeza safari ili tuweze kulipa, na matope siyo jambo baya zaidi linaloweza kumpata mtu kwenye njia ile yenye watu wa bunduki.

Mtoto alianza kurudi nyumbani kimya. Nilidhani anachoka. Chupa yake ya maji ilirudi imejaa kama nilivyoijaza. Nilidhani shuleni wanapewa maji mengine. Kisha akaanza kukataa chai ya asubuhi. Hapo nilimgombeza, nikisema ameshajifunza madeko ya watoto wa matajiri. Siku ya sherehe ya shule, wazazi tuliketi kwenye viti vya plastiki, watoto wakaimba. Midomo ya binti yangu ilicheza pamoja na ya wenzake. Baba yake alisimama kupiga makofi. Mimi nilikuwa nimeketi mbele kabisa, na sauti yake sikuisikia. Sikumwambia mume wangu. Nilitaka naye afurahi.

Muda mfupi baadaye homa ilimshika. Niliwaza malaria, nikambeba hadi kituo cha afya. Muuguzi, mama wa makamo, alisoma majibu ya vipimo akakunja uso.

"Hapana malaria, mama. Ni ugonjwa ya mikojo. Mutoto anakunywaka maji?"

Kabla sijajibu, mtoto alitikisa kichwa.

"Juu ya nini hukunywe?" nilimuuliza.

"Nikikunywa, nitasikia mikojo."

"Si utaomba kutoka?"

"Sijue kuomba mu Kifaransa."

"Basi omba mu Kiswahili."

Aliangalia viatu vyake. "Madamu anasemaka hasikie Kiswahili. Siku ile nilijikojolea, bakanicheka."

Muuguzi aliacha kuandika. Mimi nilimwona akilini yule mwalimu, msichana wa hapa hapa, aliyezoea kusimama mezani pangu sokoni akipigania bei ya kitenge kwa Kiswahili kitamu kuliko changu.

Kesho yake nilikwenda shuleni nikiwa na maneno mengi. Mkuu wa shule alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho bila kukasirika.

"Pole sana, mama," alisema. "Lakini Kiswahili munacho nyumbani. Wazazi banatulipa juu ya Kifaransa. Hata weye, siku ya kuandikisha mutoto, ulituomba tusimuhurumie."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimelisema neno hilo nikicheka, nikidhani ndivyo wazazi wa wakubwa wa kesho wanavyosema. Niliinuka, nikaomba vitu vya mtoto, nikatoka navyo; hakurudi tena pale.

Mume wangu aliporudi kutoka Mongbwalu, nilimweleza yote, hata ya siku ile ya sherehe, angali na vumbi la njiani. Aliketi bila kuvua viatu.

"Nilikuwa napiga makofi," alisema.

Mpaka leo hatujalizungumza tena jambo hilo.

Sasa binti yetu anasoma primaire, yaani shule ya msingi, katika shule ya parokia. Wanaanza somo kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kinaingia polepole, naye anakisema bila woga. Amepona. Lakini hakuna anayemwita Redio siku hizi. Mtu akimuuliza jambo, kwanza ananitazama usoni, kana kwamba nitamwambia atumie lugha gani. Bibi yake akija, anamsikiliza Kialur chake na kumjibu kwa kichwa.

Juzi juzi nilikuwa na binti yangu sokoni, yule madamu akapita. Ameacha kazi pale shuleni.

"Mutoto iko aye, iko muzima?" aliuliza.

"Iko."

"Mama, na siye tulikuwa tunaogopa. Ukisema Kiswahili mu darasa, banakufukuza."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nilimkatia kitambaa alichotaka, nikampunguzia bei, akanishukuru na kwenda zake. Nilipogeuka kumtafuta binti yangu, nilimkuta amechuchumaa nyuma ya marobota ya vitenge, amejiziba mdomo kwa mikono miwili, akinisubiri nimwambie kwamba madamu ameshaondoka.