Wasifu wa Baba kwenye Diski D

Nilifuta wasifu wa baba yangu akiwa bado hai, mchana peupe, nimevaa miwani na kikombe cha chai kiko karibu. Kompyuta iliniuliza mara mbili kama nina hakika. Mara mbili nikajibu ndiyo. Watu wakiniuliza kosa langu kubwa maishani huwa nawatajia ndoa, kwa sababu hiyo wanaielewa upesi.

Wakati huo nilikuwa Kitale, kwenye ploti ya nyumba sita, nikichapa kazi za watu sebuleni kwangu: kadi za harusi, barua za kuomba kazi, na zaidi ya yote programu za mazishi. Ilikuwa kazi ya kunifaa. Mimi si mtu wa kutoka. Kuna watu wanaota kuona dunia. Mimi nikifika sokoni na kurudi, hiyo ni safari, naivulia viatu na kuisimulia.

Desemba baba alikuja kukaa kwangu wiki tatu kwa sababu ya kliniki ya miguu. Kwake ni mbele ya Sirisia, huko Bungoma. Alikuwa ametoka kwa mazishi ya mzee mwenzake kule Misikhu, ambako msomaji wa wasifu aliwaruka watoto wa mke wa kwanza, halafu akampa marehemu cheo cha uchifu ambacho hakuwahi kukishika. Jambo hilo lilimkaa baba rohoni.

"Mayi," akaniambia. Aliniita mama kwa kuwa nina jina la mamake. "Hawa watu wataniwekea uongo. Niandike mimi mwenyewe nikiwa naona."

"Papa, kwani unaenda wapi?"

"Siendi mahali. Andika. Si wewe ni karani?"

Tukaandika siku nne. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya stuli, akisema pole pole kama mtu anayetoa ushahidi. Siku ya tatu akasema, "Weka pia wale wawili." Walikuwa watoto waliokufa wachanga, kabla hata ya kaka yangu mkubwa kuzaliwa. Akataja majina yao, na upande wa boma walikolazwa. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Hakukuwa na mtu mwingine aliyeyajua majina hayo.

Nikayachapa. Lakini mchapaji mzoefu hasikii anachokichapa. Maneno yanaingia sikioni na kutokea vidoleni, kichwani hayapiti. Nilikuwa najisifia jambo hilo mbele ya wateja.

"Umeandika?"

"Nimeandika, papa."

"Soma."

Nikamsomea, kama redio. Akaitikia kwa kichwa. Siku ya kuondoka akasema nimtolee nakala safi aweke kwa sanduku lake. Nikamwambia ipo, akifika tu itamfuata.

Januari kompyuta ikajaa virusi kutoka kwa flopi, vile vidiski ambavyo wateja waliletea kazi zao. Mteja mmoja, afisa wa kilimo, akaniletea CD ya mfumo mpya wa kuendesha mashine. "Ni ya bure," akasema, "na hushikwi na virusi ovyo. Lakini usiutoe ule wa zamani. Jaribu huu kando yake. Ukikushinda, unarudi kwa ule."

Alikuwa mtu makini. Aliniandikia hatua kwenye karatasi. Kwanza niuendeshe kutoka kwenye CD tu, bila kugusa diski. Nikiupenda, nitoe nakala ya kila kitu *nje ya mashine*, akapiga mstari chini yake. Kisha niupe mfumo mpya sehemu yake ya diski, na kila nikiwasha mashine itaniuliza nataka upi.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama mshonaji, alikuwa ameleta kadi ya kanisa nimchapie. Akasikiza yote hayo. "Kwa hivyo kompyuta moja waume wawili?"

"Ni kujaribu tu, mama."

"Hata wa pili huwa ni wa kujaribu."

Wiki nzima niliuendesha kutoka kwenye CD. Ulikuwa unakokota miguu lakini ulifungua faili zangu zote, na printa ilikubali. Nikaupenda. Ikabaki kutoa nakala. Flopi zangu nyingi zilikuwa zimeoza, na mashine ya kuandika CD iko mjini, na kwenda mjini ni kuvaa. Basi nikafanya akili. Diski yangu ilikuwa na sehemu mbili, C na D. D ilikuwa tupu tangu ninunue. Nikahamisha kazi zangu zote kutoka C nikaziweka D, mbali na hatari. Sikunakili. Nilihamisha.

Siku mbili baadaye, na kikombe changu cha chai, nikaanza kuweka mfumo mpya. Ukaniuliza ukae wapi. Nikaupa D, na ulipouliza mara mbili kama uifute nikajibu ndiyo, kwa sababu D ni tupu. Miaka mitatu nimekuwa nikisema D ni tupu. Ni kama mtu aliyehifadhi mbegu za mahindi kwenye kipande kile kile cha shamba anakotaka kuchoma majani.

Kazi ilienda vizuri sana. Nilipowasha, orodha ilitokea na mifumo yote miwili. Ule wa zamani ulifunguka. Ule mpya ulifunguka. Nikamwita mama mshonaji aone. Akasema, "Haya, wameelewana."

Wiki hiyo hiyo baba akapiga simu kupitia kwa kaka. "Karatasi yangu?" Ndipo nikaenda kuitafuta. Nilikaa mbele ya mashine mpaka chai ikashika ngozi juu. Sikulia. Sikuhisi kitu, kusema kweli. Nikamwambia wino wa printa umeisha.

Februari wino ulikuwa umeisha. Machi umeme ulikuwa unasumbua. Mafundi wawili wa Kitale walijaribu kuirudisha ile faili wakashindwa. Nikasikia kuna mwingine Bungoma mjini, na mimi ambaye sokoni tu ni safari, nikafunga CPU, lile boksi la mashine, kwa leso mbili nikaenda. Akaifanyia kazi tangu asubuhi hadi saa tisa, akapata kadi ya harusi nusu na picha ya ng'ombe.

"Mama, mfumo ule umeandikwa juu yake," akasema. "Hakuna kitu hapa."

"Hata kidogo?"

"Si nimekuonyesha ng'ombe?"

Kutoka pale hadi kwa baba hata saa moja haifiki. Nilisimama nimezikumbatia zile leso. Ningefika, ningesema, "Papa, nimepoteza, taja tena." Angenicheka, pengine angenitukana kidogo, halafu angetaja. Niliona aibu. Nikarudi Kitale.

Aprili kaka akapiga simu asubuhi, hakuuliza karatasi. Alisema mzee amelala na hajaamka. Jioni akapiga tena: "Lete wasifu. Mzee alisema iko kwako, tusiandike kingine."

Niliuandika upya kwa siku moja. Miaka ya shule, ya kazi na ya kanisa niliikumbuka. Kwenye watoto nikaandika, "na wawili waliotangulia." Jumamosi kaka akausoma kwenye kipaza sauti. Alipofika hapo akasimama, akageuza karatasi kuangalia nyuma, akaendelea. Baadaye nilimuuliza senge, dada yake baba. Akasema yeye alikuwa amekwisha kuolewa mbali. Anajua tu kwamba mmoja alikuwa msichana. Upande wa boma pia hajui. Kaburi la baba likachimbwa karibu na la mama, na hakuna aliyejua kama kuna mtu mwingine pale.

Niliporudi Kitale mama mshonaji akaja kunipa pole na sufuria ya githeri. Nikamweleza yote, kuanzia CD mpaka fundi wa Bungoma, nikamweleza na ile karatasi ya afisa yenye mstari chini. Nilitegemea aseme ni mapenzi ya Mungu. Alinisikiza mpaka mwisho, akafunika sufuria.

"Sasa jirani, baba alikuwa hai miezi mitatu yote hiyo, anaongea, halafu wewe ulikuwa unamtafuta ndani ya CPU."