Herufi Nne Chini ya Kadi

Wifi yangu ni mchapaji wa kadi za harusi, na ana mdomo, jamani! Mteja akimwambia, "Weka na ile RSVP, kadi ipendeze," humkata jicho. "Unajua maana yake?" Mteja akicheka tu, atasomeshwa: ni maneno ya Kifaransa, Waingereza wakayachukua yalivyo bila kuyatafsiri, na maana yake ni "jibu, ikikupendeza." Ndiyo sababu namba ya simu hukaa pale pale. Mimi ninayekata karatasi nimelisikia somo hilo mpaka masikio yameota sugu.

Sasa mjuzi wetu huyo huyo ndiye aliyechemsha. Alichukua kadi ya harusi ya binti yake iliyobaki kwenye kompyuta, akabadilisha majina, tarehe na ukumbi, akamchapia mwalimu mmoja wa shule ya jirani kadi mia mbili. Namba ya chini akaisahau. Ilikuwa yake mwenyewe.

Jumatatu simu yake ikaanza kuita. "Tutakuja, tuko wanne." Ilipoita mara ya tatu akashika kichwa. "Wifi, nimekwisha!"

Tukaenda shuleni kuomba radhi. Nilijiandaa kutukanwa, lakini mwalimu, bibi harusi mwenyewe, hakufoka. Aliuliza jambo moja tu: "Baba amepiga?"

Baba yake hakuwa amesema naye kwa miaka tisa, tangu binti huyo alipoondoka nyumbani kwenda kusomea ualimu bila ruhusa yake. Simu zake hapokei. Ndiyo maana alimtumia kadi.

Tangu hapo wifi hakuiachia simu. Akila iko, akioga iko dirishani. Kila aliyepiga aliitikiwa kwa upole ambao mimi, mke wa kaka yake, sijawahi kuonjeshwa.

Alhamisi mchana ikaita tena. Mikono yake ilijaa wino, akabonyeza spika kwa kiwiko. Sauti ya mzee ikakohoa kwanza.

"Mama, hizi herufi nne huku chini zinasemaje?"

Wifi akazima mashine. "Zinasema jibu, ikikupendeza."

Nikasikia mtu mzima akivuta kamasi.

"Na nisipojibu?"

"Kiti chako kitakaa wazi, mzee. Hakuna atakayekikalia. Usikate simu, nakuomba!"

Akatoka mbio. Mwanamke ambaye ngazi tatu tu humlalamisha magoti alikatiza barabara pekupeku, simu juu, mimi nyuma na kandambili zake. Nilipigwa na butwaa. Miaka kumi na miwili tumegombana, kumbe sikuwa namjua hata robo.

Akaingia darasani bila hodi. Mwalimu akaipokea simu kwa mikono miwili, chaki ikamdondoka.

"Baba?"

Spika ilikuwa bado wazi, darasa zima likasikia.

"Mwanangu, imenipendeza."