Kisu Nilichonoa kwenye Evye ya Mdogo Wangu

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa, msije mkafika katikati mkaanza kunihurumia. Nilimpiga mdogo wangu mpaka sikio lake la kushoto likafa. Na nilimpiga kwa ajili ya evye, sinki la kuoshea vyombo!

Majirani wanajua kwamba nilimpiga. Yaliyo nyuma yake hawayajui. Ninyi msioijua sura yangu ndio nawaambia.

Tulibaki wawili, mimi na Neema. Baba na mama waliuawa na wapiganaji wa porini kule Djugu, Kongo, asubuhi, mimi nimekwenda kuteka maji. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, yeye minne. Nilirudi nikamtoa chini ya kitanda, nikamfunga mgongoni kwa kitenge, nikatembea naye mpaka Bunia. Shule yangu iliishia hapo.

Nikaanza kuosha vyombo katika nyumba za watu. Beseni liko chini uani, nami nimeinama juu yake tangu asubuhi mpaka jioni. Mgongo wangu uliharibika nikiwa bado msichana. Nikaapa: Neema hatainama hivi. Neema atasoma, na ataosha vyombo amesimama.

Miaka ikapita. Bunduki zikanyamaza, ingawa kila nyumba ilikuwa bado na mfuko wa nguo karibu na mlango, tayari kwa kukimbia. Nikapata kijumba changu, na mbele yake kibanda cha kuuzia bugali, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo. Siku nilipoweza, nilikwenda na fundi Kambale, mtu wa Butembo anayejua vifaa vya ujenzi, tukatafute evye ya jikoni. Nilitaka nyeusi ya graniti, kama ile niliyoiona katika nyumba moja ya wageni.

Dukani kulikuwa na mbili, huwezi kuzitofautisha.

"Mama, usiangalie sura," Kambale akaniambia. "Geuza, angalia tumbo."

Akazigeuza, akakwangua upande wa chini kwa ufunguo. Ya kwanza ikatoa weupe: plastiki iliyopakwa rangi. Ya pili ikabaki nyeusi hata ndani ya mkwaruzo. Akaigonga kwa vidole, ikatoa sauti nzito, fupi. Akajaribu kuiinua peke yake, akaguna.

"Hii ndio jiwe," akasema. "Ile ingine ni bidoni ya plastiki imevaa koti ya harusi."

Nilicheka mpaka mwenye duka akakasirika. Na katika yote aliyoyasema Kambale siku ile, nilirudi nyumbani na neno moja tu: jiwe.

Alisema mengine. Alisema si jiwe la kuchongwa mlimani, ni unga wa jiwe uliokandwa na gundi, na gundi haipendi moto. Sikumsikiliza. Kwetu jiwe ni jiwe! Juu ya mawe tunapika. Kwa jiwe tunasaga. Kwenye jiwe tunanoa kisu.

Kambale akaijengea ukuta wa matofali chini, maana ni nzito. Bomba hatuna, kwa hiyo tuliweka pipa dogo lenye kirobineti cha kufungulia maji juu yake, na mpira wa kupeleka maji machafu shimoni. Neema alikuwa na miaka kumi na saba, yuko sekondari. Akasimama mbele ya evye, wima. Wima! Aliosha sahani moja ileile mara tatu, anacheka.

Ndani ya katoni kulikuwa na karatasi ya Kifaransa. Neema akaisoma yote, kisha akanieleza.

"Yaya," ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "wanasema tusiweke sufuria ya moto ndani. Tusisugue na majivu, wala muchanga, wala waya. Dawa kali ya kuzibua, hapana. Ni sponji laini na sabuni kidogo, kisha tukaushe na kitambaa, maji isiache chokaa." Akaikunja ile karatasi. "Na tusinoe kisu pale."

"Hata kisu wameandika?"

"Ndiyo, Yaya. Wameandika."

"Weye na Kifaransa yako! Jiwe inaogopa kisu? Basi kesho tupande tukafunike mulima na kitambaa!"

Niseme ukweli. Iliniuma kwamba yeye anasoma nami siwezi. Nilimpeleka shule mwenyewe, kisha nikamwonea wivu wa kile alichokipata huko.

Kwa hiyo kila asubuhi nilinoa kisu changu cha sombe kwenye ukingo wa evye, palepale kwenye pembe ya mbele. Shaa, shaa, shaa. Na sufuria ya maharage ikitoka kwenye makaa, nilikuwa naitia ndani ikiwa bado inatokota. Neema akisikia kisu alikuwa anatoka kwenda uani, hata mvua ikinyesha. Nilidhani ni kiburi cha wasomi.

"Yaya, usinoe humu ndani. Nakuomba."

"Nani aliinunua?"

"Ni weye."

"Basi!"

Jumamosi moja mchana nikatoka sokoni. Neema amesimama mbele ya evye, sponji mkononi. Ufa mweusi ulikuwa umetoka ukingoni mpaka kwenye tundu la maji. Matone yalikuwa yanaanguka juu ya matofali.

"Nimeikuta hivi, Yaya."

Sikuuliza la pili. Nilichukua mwiko wa bugali, ule mkubwa wa kibandani. Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili mgongoni, akaanguka kwa magoti. Na kila pigo nililitolea sababu kwa sauti! Hili ni la kukubeba kutoka Djugu. Hili ni la viatu vya shule. Hili ni la mgongo wangu. Aliinua mikono kukinga kichwa, nikampiga mikono. Alipoishusha, nikampiga sikioni.

Damu ikatoka sikioni, nyembamba, ikafuata shingo. Niliiona. Niliiona na nikapiga tena! Evye niliinunua ili asiiname, na sasa nilimtaka sakafuni.

Mama Sifa, jirani yetu, ndiye aliyesukuma mlango. Aliushika mwiko kwa mikono mitupu ukiwa hewani.

"Unaua mutoto! Wale wa pori hawakutosha? Ulimubeba njia yote ile uje kumumaliza hapa?"

Hapo ndipo nilipouachia mwiko.

Hospitalini daktari alimpima mara mbili. Akasema lile sikio halitarudi. Akamwuliza Neema nini kilimpata. "Nilianguka," Neema akajibu, hakunitazama. Kutoka hospitalini alikwenda kulala kwa Mama Sifa. Nguo zake alikuja kuzichukua mimi nikiwa sokoni.

Jumatatu nikamwita Kambale. Alipitisha kidole ukingoni, akasimama kwenye pembe ya mbele.

"Nani ananoa kisu hapa?"

Nikasogea kuangalia. Palikuwa na mfereji unaoingia ukucha. Ufa ulianzia ndani ya mfereji ule. Kisha akanionyesha ndani ya evye, chini kabisa, duara lililofifia, kipimo kilekile cha sufuria yangu ya maharage.

"Uliifungulia mulango na kisu, kisha ukaingiza moto. Kitu ikianguka inaacha alama ya kuanguka. Alama iko wapi? Mutoto hakufanya kitu, Mama."

Nikamletea ile karatasi. Nikamwomba anisomee mahali palipoandikwa kisu. Aliisoma mbele na nyuma.

"Kisu hakuna hapa."

Nilivuka uzio kwenda kwa Mama Sifa. Neema alikuwa amekaa kwenye kigoda, pamba sikioni. Nikamwuliza kwa nini alinidanganya juu ya karatasi.

"Asubuhi ile weye ulienda maji," akasema. "Siye tulikuwa ndani. Wale watu walinoa visu kwanza, Yaya. Kwenye mawe ya mama ya kupikia. Wananoa na wanacheka. Mimi nilisikia yote chini ya kitanda, kisha wakaingia."

Alikuwa na miaka minne tu! Nilijua hakumbuki chochote. Nilijua hivyo kwa sababu sikuwahi kumwuliza. Kumbe kila asubuhi nilikuwa nawaleta watu wale jikoni kwake, na alipotafuta neno la kuniomba niache, akalitafuta kwenye karatasi ya evye, kwa kuwa aliona naheshimu evye kuliko yeye.

Nikapiga magoti. Hakunifukuza. Hakuniinua pia.

Kambale aliujaza ufa kwa gundi na unga mweusi. Haivuji, lakini mstari unaonekana. Mwiko ule niliuchoma. Kisu sasa kinanolewa sokoni.

Ukinunua evye kama hii, igeuze, ikwangue tumbo, iinue usikie uzito wake, ijengee chini. Moto usiingie ndani. Hayo ni madogo, fundi yeyote atakueleza. Mimi niliambiwa ya evye nikayapuuza, na ya mtu niliyemlea sikuyauliza.

Neema bado analala kwa Mama Sifa; kwangu anakuja Jumapili baada ya misa. Jumapili iliyopita nilisimama mlangoni, upande wake wa kushoto, nikamwita. Nikaita mara tatu. Hakugeuka. Aliendelea kuikausha evye kwa kitambaa, taratibu, wima, kama nilivyoapa.

Ninyi wenye wadogo, waulizeni wanaogopa nini. Waulizeni leo, wakiwa bado wanawasikia!