Zamu ya Jumapili

Siku niliposikia kwamba mzee wa kanisa, jirani yetu wa nyumbani, ameanguka ibadani mbele ya watu na mdomo umekwenda upande, nilicheka. Nilikuwa dukani kwangu Moshono, ninakouza dawa, mteja amesimama mbele yangu na mtoto mgongoni, na mimi nacheka. Mama kwenye simu akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia nimepaliwa na chai. Chai yenyewe wala sikuwa nayo.

Msinihukumu kabla sijawaeleza habari ya mfereji.

Kwetu ni juu, kwenye mteremko wa Meru, ambako migomba na kahawa hunywa maji ya mfereji uliochimbwa na wazee kabla babu yangu hajazaliwa. Maji yale yana zamu. Kila nyumba ina siku yake na saa zake. Zamu yako ikifika unakwenda na jembe, unafungua kwako, na muda ukiisha unaziba ili yaende kwa anayefuata. Ukiiba zamu ya mwenzako, utaitwa kikaoni mpaka ujute. Sasa zamu iliyokuwa haina mwenyewe ni ya Jumapili asubuhi. Nani ataacha ibada akamwagilie migomba? Maji yalikuwa yanapita bure mpaka bondeni. Kikao cha mfereji kilipouliza nani anaitaka, baba yangu akanyoosha mkono, na watu wakaangaliana.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na wakati huo alikuwa ameshastaafu. Kanisa aliliacha nikiwa na miaka kumi na moja, mdogo wangu alipokufa kwa homa. Wiki nzima watu walikuja kumwombea, na mtoto akafa. Huyu huyu mzee wa kanisa akamshika baba bega, akamwambia ni mapenzi ya Mungu. Baba akamjibu, "Kama ndiyo mapenzi yake, basi sina la kuongea naye." Hakukanyaga tena kanisani. Mama aliendelea kwenda na kitabu chake cha nyimbo, na baba hakumzuia hata siku moja.

Zamu ya yule mzee ilifuata ya baba. Kwa hiyo kila Jumapili ibada ikiisha alipita pale mferejini, bado amevaa suti, suruali ameikunja isishike matope, na mabishano yakaanza. Mimi nikiwa likizo nilikuwa nakaa ukingoni nawasikiliza.

"Mwalimu, ukiona mfereji, unajua kuna aliyeuchimba. Ndiyo, siyo?"

"Ndiyo. Na majina yao ninayo."

"Basi na dunia inaye aliyeichimba."

"Mfereji tulichimba kwa sababu mto haukupita tunapotaka. Haya, mto wenyewe nani aliuchimba?"

"Si ndilo ninalokuuliza!"

"Na mimi ndilo ninalokuuliza wewe."

Wanacheka. Kisha mzee ananyoosha kidole juu, Meru imesimama bila wingu, anauliza kama na ule mlima ulijijenga wenyewe. Baba anamwambia ulilipuka wenyewe, apande akaone shimo. Na moto nani aliuwasha? Na huyo aliyewasha, nani alimzaa? Hakuzaliwa, anasema mzee. "Basi kama kitu kinaweza kuwepo bila kuzaliwa," anasema baba, "kwa nini uunyime moto?" Mzee anatikisa kichwa, anasema Mungu ana subira. Baba anamwonyesha mikungu ya ndizi, ambayo kwa kweli ilikuwa mikubwa kuliko ya mwanakwaya yeyote, anamwambia migomba haina subira, inataka maji.

Mimi nilidhani ni marafiki.

Miaka sita iliyopita, Jumapili, watu waliotoka ibadani walimkuta baba amelala kifudifudi kwenye mfereji, jembe liko mkononi. Ilikuwa presha. Najua kwa sababu nilimpima mwenyewe mara nyingi, na vidonge nilikuwa nampelekea mimi. Alivitia kwenye kopo la kahawa, akavimeza siku alizokumbuka. Tukamzika kwenye migomba yake bila mchungaji wala kengele. Hilo sikulilalamikia. Kengele ingelia, yeye mwenyewe angecheka.

Lakini siku ya kuanua matanga, watu wamekula makande na loshoro yetu ya maziwa mgando, wameshiba, mzee wa kanisa akasimama. Akasema kulikuwa na mtu kati yetu aliyekuwa akiuliza Mungu yuko wapi. Akasema, "Jumapili, saa nne asubuhi, sisi tukiwa ibadani, Mungu amejibu."

Watu wakasema Amina. Nikamtazama mama. Aliinamisha kichwa, na midomo yake ikasema Amina.

Jamani. Mtu aliyewafundisha nusu ya wale waliokaa pale kujumlisha na kutoa, leo amegeuzwa yeye ndiye hoja. Nikasimama nikasema ni presha, nikaanza kueleza mishipa, na mama mmoja akanivuta kitenge: "Kaa mwanangu, una uchungu." Nikakaa. Na hadithi ikatembea. Watoto wa kwetu wakawa wanaambiwa ukitoroka kanisa utaanguka mferejini kama mwalimu. Mama akairudisha ile zamu kikaoni, maji ya Jumapili yakaanza tena kupita bure, na migomba ya baba ikanyong'onyea mbele ya macho yangu.

Nikaapa, sijui niliapa kwa nani, kwamba yule mzee atasimama mbele ya watu wale wale na kuyameza maneno yake. Nilikitunza kisasi changu miaka sita. Kila nilipokwenda nyumbani nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu," na moyoni namwambia subiri.

Kwa hiyo ndiyo, nilicheka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Baba alianguka Jumapili akiwa mferejini, basi ni Mungu. Haya, na wewe uliyeanguka Jumapili umeshika kikapu cha sadaka?

Nilisubiri atoke hospitali. Nilisubiri mpaka zamu ya jumuiya ikafika nyumbani kwake, maana kule kwetu sala za jumuiya huzunguka nyumba kwa nyumba, asubuhi mapema watu hawajaenda shambani. Nikalala kwa mama, nikavaa vizuri, nikabeba sukari kilo mbili. Mzee alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mbao, mkono wa kulia uko pajani hausogei. Wakaimba, wakasoma, wakamwombea. Mwishoni, kama ilivyo desturi, kiongozi akasema tusikie salamu za mgeni.

Nikasimama. Nikasalimia wakubwa kwa wadogo. Nikasema, "Mimi nina swali dogo tu. Baba yangu alipoanguka, mliambiwa pale kwetu kwamba Mungu amejibu. Sasa mzee naye ameanguka, tena ndani ya nyumba yake Mungu. Nauliza, hoja ni ile ile au imebadilika?"

Mama alinishika mkono, nikauondoa.

Mzee akaanza kuhangaika na mdomo wake. Maneno yalikuwa yanatoka taratibu, nusu yamelowa mate, na kila mtu akainama kumsikiliza.

"Ni ile ile," akasema. "Mungu amenipiga. Kwa yale niliyosema juu ya marehemu. Mtoto wa mwalimu amesema kweli."

Sikutegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nimejaa hoja za baba mpaka shingoni, na hakuna aliyebisha. Mama mmoja akaguna akasema malipo ni hapa hapa duniani. Mwingine akasema kweli Mungu yupo, amemlipia mwalimu. Na kiongozi akasema, "Tuseme Amina."

Nikasema Amina. Nilisema kwa sauti kuliko wote.

Wakati wa kurudi Moshono nilipitiliza makusudi mpaka Daraja Mbili, nikanunua nyama ya mbuzi ya kuchoma na ndizi, nikala peke yangu mpaka mfupa. Ilikuwa tamu, siwadanganyi. Siku kadhaa nilikuwa naimba dukani.

Kama wiki mbili baadaye mama akapiga simu. Jirani ameacha dawa. Vidonge viko mezani, hagusi. Anasema hawezi kushindana na fimbo ya Mungu kwa vidonge, na kwamba hata mtoto wa mwalimu, muuza dawa, alikuwa shahidi.

"Aache," nikasema. "Si mtu mzima?"

"Ulisema Amina," akasema mama.

"Na wewe ulisema!"

Mama akasema, "Nilisema. Baba yako alikuwa amelala pale nje kwenye udongo, na mimi nikasema. Unadhani huwa nalala?" Akakata simu.

Ningependa kuandika kwamba huruma iliniingia. Thubutu! Siku mbili nilijiambia afe tu, nitakwenda kumzika nimevaa kiatu kipya. Siku ya tatu, napanga vidonge kwenye rafu, ndipo nilipoona upuuzi wangu. Yule mzee akifa, watu wa kule juu watasema nini? Watasema Mungu amemaliza kazi yake. Na kama alimpiga mzee, basi hapana shaka baba naye alimpiga. Safari hii hakuna atakayebisha, kwa sababu binti wa marehemu mwenyewe alikubali mbele ya jumuiya. Mara ya kwanza mzee alimfanya baba hoja. Mara ya pili nimemfanya mimi, kwa ulimi wangu mwenyewe, na nikaenda kula mbuzi.

Nikafunga duka, nikachukua mashine ya presha, nikapanda nyumbani.

Nilimkuta peke yake, amekaa kwenye benchi juani mbele ya nyumba. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia, nikamfunga ule mkanda mkononi bila kumwomba ruhusa, nikapampu. Namba zilizotoka zilinitisha hata mimi niliyekuja na hasira.

"Mzee, hii ni presha. Umesikia? Hakuna fimbo. Ni damu inasukuma mishipa kwa nguvu, kama maji ya masika yanavyopasua mfereji usipoufungulia njia. Baba yangu hakumeza dawa zake, akaanguka. Wewe nawe, mama kaniambia, ulikuwa humezi zako, ukaanguka. Mungu hakuwepo pale."

"Ulisema Amina," akasema.

"Nilisema kwa hasira. Nilitaka uumie."

Alinitazama kwa jicho lake zima. Lile jingine lilikuwa linatoka machozi lenyewe, tangu alipougua.

"Mwalimu pia? Presha?"

"Presha."

"Basi nilimsemea marehemu uongo."

"Ndiyo mzee. Ulimsemea uongo. Mbele ya mke wake."

Haya, ndiyo hayo maneno niliyoyasubiri miaka sita, na hapakuwa na mtu wa kuyasikia. Nikamwekea vidonge kiganjani, nikashika kikombe cha maji. Hakuvipeleka mdomoni. Alikuwa anafikiri, namjua, ni uso ule ule aliokuwa nao mferejini akitafuta jibu la kumkomesha baba.

"Kama siyo Mungu aliyenipiga," akasema polepole, "basi baba yako hajalipiwa. Nani amemlipia?"

Nilisikia maji ya mfereji kule nyuma ya nyumba. Nilijua jibu la baba ni lipi, na nilijua nikilitamka tu ile Amina yangu tamu inakufa pale pale, na kisasi changu chote kinakuwa si kitu ila mzee mgonjwa aliyesahau vidonge.

"Hakuna, mzee. Hakuna aliyemlipia."

"Hilo ni baya kuliko fimbo."

"Najua. Meza."

Akainua mkono wake mzima, kisha akausimamisha njiani.

"Ngoja. Jumamosi nitawaambia jumuiya ilikuwa presha. Yake na yangu. Lakini na yeye mwenyewe, nikifika huko, nitamwomba radhi."

Jibu la hilo nalo nilikuwa nalo, na lilikuwa ulimini. Hakuna huko, mzee. Hutamkuta mtu. Baba asingemwachia hoja kama ile ipite hivi hivi, angemkamata nayo mpaka jua lichwee. Nami nilikuwa nimepanda mlima kuja kumtetea baba.

"Meza kwanza," nikasema.

Akameza. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilitaka huko kuwepo. Nilitaka afike, amkute baba ameshika jembe lake, ampigie magoti kwenye matope na suti yake ile, na baba amwache apige magoti kwanza, kama nusu saa hivi, kabla hajamwinua.