Vigae vya Bafu la Mkwe

Juzi nikiwa dukani hapa Mbeya, bwana mmoja Mnyakyusa aliyekuja na mkewe alipanga juu ya kaunta vigae vya bafu analolitengeneza upya.

"Mama, vyeupe au vya buluu? Na ukuta tupake rangi gani?"

"Yoyote tu," mkewe alijibu, macho chini.

"Chagua! Bafu ni lako."

Mkewe akakirudisha polepole kigae alichokuwa amekishika, akafuta vidole kwa kanga. "Baba yako sasa anakaa kwetu, anaoga humo. Mimi nikanyage anapooga mkwe? Kwa mila yetu ni mwiko. Nitaendelea kuoga mtoni."

Bwana akamgeukia mwenye duka. "Nipe vyeupe. Mzee haoni vizuri."

Nikatoka bila misumari niliyoifuata. Kujenga nyumba za mjini tumejua, wenzangu. Kuishi humo, bado.